Umeme ukikatika jitoe, volteji ikishuka usijitoe: hivi masharti ya gridi yanajipinga?

"Habari za kazi mtaalamu. Nina karakana ya kuchomelea na kukata vyuma, fezi tatu. Nimefunga sola ya kilowati 30 na inverta ya fezi tatu isiyo na betri, na nina jenereta ya dizeli ya kVA 60 kwa ajili ya dharura. Nimeomba kuunganishwa na gridi ili umeme unaobaki nirudishe, wamenipa kijitabu cha masharti ya kiufundi. Ukurasa mmoja unasema umeme wa gridi ukikatika mtambo wangu ujitoe ndani ya sekunde 2. Ukurasa mwingine unasema volteji ikishuka usijitoe, vumilia. Sasa nifuate lipi? Alafu kwenye majaribio inverta inajizima yenyewe saa sita mchana jua likiwa kali, inaandika volteji imezidi. Fundi wangu anasema tubadilishe setingi ya nchi tuchague yenye mipaka mipana, na anataka jenereta nayo iingie bodi hiyohiyo zifanye kazi pamoja. Hii iko sawa?"

Nzuri ndugu yangu, na hongera kwa kukisoma hicho kijitabu, maana wengi wanasaini ukurasa wa mwisho na mengine yote wanamwachia fundi. Nianze na jibu fupi ili usikae na wasiwasi: masharti hayo mawili hayajipingi, inverta yako (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi) sio mbovu, setingi ya nchi usiiguse, na jenereta isikutane na gridi kwenye bodi moja mpaka iwe na vifaa nitakavyovitaja huko chini. Sasa tuje kwenye sababu.

Sharti la sekunde 2 watu wanalielewa vibaya sana. Utasikia wanasema kampuni ya umeme inakunyima kutumia sola yako wakati jirani yuko gizani. Hapana. Chukulia laini imezimwa huko juu ili mafundi wapande nguzo, na upande wako imebaki karakana yako, nyumba kadhaa na transfoma, na ikatokea matumizi ya hizo nyumba yakalingana na kile paneli zako zinachotoa muda huo. Kipande hicho cha laini hakifi. Kinabaki na umeme chenyewe, ndo wataalamu wanaita kisiwa. Na transfoma haijui mbele wala nyuma, ile inayoshusha volti 11,000 kuwa 400, ukiilisha 400 upande wa chini inakupandishia 11,000 upande wa juu, na huko juu kuna mtu ameambiwa laini imezimwa. Ndio, utaratibu unamtaka apime na kufunga ethi (waya wa kwenda ardhini) kabla ya kugusa, lakini maisha ya mtu hayaachiwi kinga moja tu.

Kuna sababu ya pili ambayo haisemwi sana. Laini nyingi za volteji ya kati zina breka inayojirudisha yenyewe, rikloza. Tawi likigusa waya inafungua, inasubiri kidogo, inafunga tena, kwa sababu mara nyingi tawi linakuwa limeshaanguka. Sasa katika huo muda wa kusubiri kama kisiwa chako bado kiko hai, wimbi lake (umeme wa gridi hupanda na kushuka kama wimbi, mara 50 kwa sekunde) limeshateleza, haliendi tena sambamba na wimbi la gridi. Rikloza ikifunga hapo, mawimbi mawili yaliyopishana yanagongana kwa ghafla na mshtuko unaingia kwenye kila mota iliyounganishwa pale, ya kwako na ya jirani, pamoja na inverta yenyewe. Kwa hiyo waulize kampuni ya umeme rikloza ya laini yako inasubiri sekunde ngapi. Ikiwa ni chini ya hizo 2, lazima kuwe na mpango mwingine wa ulinzi, na hilo ni la kuandikwa kwenye mkataba, sio la kuambiana kwa simu.

Utauliza inverta inajuaje gridi imeondoka wakati volteji bado ipo? Inajua kwa kusukuma. Kila wakati inajaribu kuisogeza frikwensi, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde (Hz), kidogo sana, kama mtu anayeegemea ukuta kwa kiganja. Gridi ikiwepo ukuta hausogei, maana kuna mashine kubwa kubwa nyingi zinazunguka pamoja, kilowati zako 30 hazizitikisi. Gridi ikiondoka ule ukuta unakuwa mlango usio na komeo, unasukuma kidogo tu unafunguka, frikwensi inakimbia nje ya mipaka na inverta inajitoa. Ndo maana pia sola yako isiyo na betri haiwezi kukupa umeme gridi ikikatika hata jua liwe kali vipi. Imetengenezwa kufuata wimbi la gridi, haitengenezi la kwake. Ukitaka umeme wakati huo unahitaji inverta ya haibridi yenye betri, pamoja na swichi inayoitenganisha karakana na laini kabla haijaanza kutengeneza wimbi lake.

Sasa sharti la kuvumilia. Hili kisa chake ni tofauti kabisa: gridi ipo, haijaenda popote, ila mahali fulani mbali kumetokea shoti, labda radi imepiga laini. Mpaka breka za huko zikate hilo tatizo, kwa kawaida ni sehemu ndogo ya sekunde, volteji inashuka eneo kubwa. Wewe pale karakana unaona taa zimepepesa tu. Lakini kama kila mtambo mdogo utaona huo mpepeso na kukimbia, breka ikishamaliza kazi yake gridi inarudi na kukuta waliokuwa wanaibeba hawapo. Tatizo lililokuwa la laini moja limekuwa la nchi nzima.

Na haya hayakutungwa mezani. Zamani masharti yalikuwa ya upande mmoja tu: ukiona chochote cha ajabu, ondoka haraka. Kiwango cha Marekani cha kuunganisha mitambo midogo na gridi, IEEE 1547 cha mwaka 2003, kilikuwa na moyo huo, maana sola zilikuwa chache na hakuna aliyezihesabu. Ujerumani nako inverta za zamani zilitakiwa kujitoa mara moja frikwensi ikifika 50.2 Hz. Ilikuwa sawa zilipokuwa chache. Zilipofika maelfu kwa maelfu wakagundua kwamba siku frikwensi ikigusa 50.2 mchana wa jua, gigawati nyingi (gigawati moja ni megawati 1,000) zitaondoka kwa wakati mmoja, zaidi ya akiba yote ya megawati 3,000 ambayo gridi ya bara la Ulaya imejiwekea. Kuanzia 2012 ikabidi waende kubadilisha mitambo ya watu mmoja mmoja, mamia ya maelfu. Sharti jipya linasema ukivuka 50.2 punguza taratibu, asilimia 40 ya nguvu uliyokuwa unatoa kwa kila Hz 1 inayozidi, yaani ikifika 50.7 unakuwa umepunguza asilimia 20 badala ya kutoweka.

Uingereza tarehe 9 Agosti 2019 radi ilipiga laini kubwa kaskazini mwa London. Laini yenyewe ilirudi baada ya sekunde kama 20. Lakini shamba la upepo la Hornsea na kituo cha gesi cha Little Barford vilipoteza nguvu karibu wakati uleule, na mitambo midogo yenye jumla ya mamia ya megawati nayo ikajitoa kwa sababu rilei zake za ulinzi (vifaa vinavyopima umeme na kuamuru breka ikate) zilidhani gridi imeondoka. Frikwensi ikashuka hadi 48.8 Hz, na wateja kama milioni moja wakakatiwa umeme ili kuokoa waliobaki. Ndugu yangu, angalia hapo, rilei zilizowekwa kutimiza sharti la kwanza ndizo zilizovunja la pili. Swali lako wewe la karakana moja ndilo hilohilo lililoisumbua gridi ya nchi.

Kwa hiyo unatofautisha vipi? Kwa kina na kwa muda. Usisome masharti kama ndiyo na hapana, yasome kama ngazi. Mfano IEEE 1547 ya mwaka 2018, kundi la pili, setingi za kawaida: volteji ikianguka chini ya asilimia 45 ya ile ya kawaida, mtambo unatakiwa uache ndani ya sekunde 0.16, lakini ikiwa imeshuka chini ya 70 tu bila kufika huko, unapewa mpaka sekunde 10. Na pembeni kunakuwa na ile akili ya kugundua kisiwa, ambayo haiangalii sana volteji imeshuka kiasi gani, inaangalia kama ukuta bado upo. Namba za kijitabu chako zinaweza kuwa tofauti, na za kwako ndizo za kufuata, ila umbo ni hilo. Inverta yenye cheti cha modeli yake, iliyowekwa setingi ya gridi yako, inayafanya yote mawili yenyewe bila wewe kushika kitu.

Tuje kwenye saa sita mchana, maana hapa ndipo hela yako inapotea kila siku. Umeme hutoka penye volteji kubwa kwenda penye ndogo, kwa hiyo ili inverta yako isukume umeme kuelekea transfoma lazima ipandishe volteji yake juu ya ile ya transfoma. Ipandishe kiasi gani, inategemea waya. Tupige hesabu: tuseme kutoka transfoma mpaka kwako ni mita 350 za alumini ya milimita za mraba 35. Hapo kila fezi ina ukinzani wa karibu ohm 0.3. Kilowati 30 kwenye fezi tatu ni 10 kila fezi, kama ampea 43. Zidisha, unapata volti 13. Kama transfoma inatoa 240, kwako itasoma 253. Na 253 ni 230 ongeza asilimia 10, ndo kikomo kwenye masharti mengi ya gridi za volti 230. Inverta imefika ukutani, imejitoa, na imefanya kazi yake vizuri kabisa. Alfajiri na jioni haifanyi hivyo kwa sababu ampea ni chache.

(Kilowati hizohizo 30 zingepita fezi moja tu, kupanda kungekuwa karibu mara sita, maana ampea zinakuwa mara tatu na zinarudi kwenye nyutro (waya wa kurudishia umeme) pia. Ndo sababu masharti yanakataza kujaza fezi moja.)

Sasa fundi anaposema tuchague nchi yenye mipaka mipana, anachofanya ni kuziba mdomo wa kengele. Volteji haitashuka hata nukta, itapanda zaidi, na jirani yako aliye mwisho wa laini hiyohiyo ndiye atakayeilisha friji yake volti 260. Tena setingi ya nchi sio jina tu, ni furushi zima: mipaka ya volteji, ya frikwensi, muda wa kujitoa, muda wa kusubiri kabla ya kurudi umeme ukirejea, na jinsi ya kugundua kisiwa. Ukibadilisha nchi umebadilisha yote hayo bila kujua, na siku ya ukaguzi au ya ajali inverta nyingi zina kumbukumbu ya ndani inayoweza kuonyesha kwamba setingi ilibadilishwa. Kuna setingi zinazoruhusiwa kubadilishwa, lakini kwa barua kutoka kampuni ya umeme.

Njia za haki zipo, na nitakuambia ukweli wa kila moja. Ya bei nafuu kabisa ni kuhamisha kazi: mashine za kukata zikifanya kazi mchana zikala kilowati 15, unachosukuma kwenye laini kinakuwa nusu na kupanda kwa volteji kunakuwa nusu. Ya pili, omba uwashiwe ile kazi ya inverta kupunguza nguvu taratibu volteji inapokaribia kikomo, badala ya kuzima yote na kusubiri dakika kadhaa ndo irudi. Utapoteza kidogo adhuhuri lakini hutapoteza yote. Ya tatu ni inverta kunyonya umeme pogo (ule unaokwenda na kurudi kwenye laini bila kufanya kazi), mfano kwa pawa fakta 0.95 (pawa fakta ni sehemu ya umeme inayofanya kazi ya kweli). Watu wanaisifia sana hii, na kwenye laini za volteji ya juu inasaidia kweli, ila kwenye waya mrefu mwembamba kama wa mfano wetu ukinzani ndio mkubwa, utapata nafuu ya volti moja hivi, usiitegemee peke yake. Ya nne ni waya mnene: milimita 70 badala ya 35 inakupunguzia zile volti 13 kuwa 6 na kitu, hii inaponya kabisa ila ina gharama. Ya tano ni kampuni ya umeme kushusha hatua ya transfoma, mara nyingi hatua moja ni asilimia 2.5, yaani volti 6. Hiyo ni kazi yao peke yao, na wanaweza kukataa kwa haki kama wateja wa mwisho wa laini jioni watabaki na volteji ndogo.

Kabla ya yote fanya kipimo hiki. Mchana wa jua mtu mwenye ujuzi na mita nzuri apime volteji kwenye tamino (sehemu za kufungia nyaya) za inverta na kwenye mita ya umeme, fezi zote tatu, inverta ikiwa inafanya kazi, alafu izimwe apime tena papo hapo. Kama tofauti kubwa iko kati ya inverta na mita, waya wako wa ndani ndio mwembamba, hilo ni lako. Kama inverta imezimwa na mita bado inasoma 250, tatizo ni la laini yao, waandikie ukiwa na namba mkononi. Na kama fezi moja inapanda huku nyingine inashuka kila mashine ya kuchomelea ikiwashwa, acha kila kitu, zima, wapigie siku hiyohiyo, maana hiyo ni dalili ya nyutro iliyolegea au kukatika na inaunguza vifaa na nyumba.

Jenereta sasa. Nakusihi hapa usifanye haraka. Jenereta ya dharura inakaa nyuma ya swichi ya chenjiova yenye kufuli la kimakanika, ikiwa upande wa gridi haiwezi kuwa upande wa jenereta hata mtu akilazimisha. Kwa fezi tatu iwe ya njia nne ili nyutro nayo ihame, na jenereta iwe na ethi yake iliyofungwa vizuri, kwa sababu ukishahama hutegemei tena ethi ya transfoma.

Kuiunganisha sambamba na gridi ni kazi nyingine kabisa. Inverta inajioanisha yenyewe, jenereta ni chuma kizito kinachozunguka na kina kani yake. Kabla breka haijafungwa, vitu vinne lazima vikubaliane: mpangilio wa fezi, volteji, frikwensi, na pembe ya wimbi. IEEE 1547 kwa mitambo isiyozidi kVA 500 inaruhusu tofauti ya 0.3 Hz, asilimia 10 ya volteji na nyuzi 20 za pembe, basi. Wazee wa kazi walitumia taa tatu zilizofungwa kuvuka breka iliyo wazi. Kama mpangilio wa fezi ni sahihi zinawaka na kufifia zote pamoja, unarekebisha mwendo wa injini mpaka zinafifia polepole sana, kama mtu anayesinzia, na unafunga zikiwa giza. Kama zinawaka kwa zamu, moja baada ya nyingine, fezi zimepishana na ukifunga umevunja. Niliwahi kuitwa mahali walipofunga vibaya. Mpira wa kapulingi kati ya injini na alteneta ulikuwa umechanika vipande na boliti mbili zimekatwa kama kwa msumeno, na hiyo ilikuwa mashine ndogo. Siku hizi kuna kontrola na rilei inayokataa breka isifunge mpaka hali itimie, na huwezi kuungana bila hiyo, pamoja na rilei ya nguvu ya kurudi nyuma, maana dizeli ikipungukiwa mafuta gridi inaigeuza kuwa mota na kuiburuza.

Na hata ukiacha gridi pembeni, sola pamoja na jenereta tu wakati umeme umekatika ina mtego wake. kVA 60 kwa pawa fakta 0.8 ni kilowati 48, na dizeli haipendi kukaa muda mrefu chini ya kama asilimia 30, yaani kilowati 14 hivi, inaanza kujaza masizi na mafuta mabichi kwenye ekzosi. Karakana ikitumia 35, sola isizidi 21. Alafu mchomeleaji akiachia ghafla, sola inabaki kusukuma kwenye jenereta. Inahitajika kontrola inayosoma mzigo wa jenereta na kuibana inverta kwa sekunde hiyohiyo. Bila hiyo, inverta ifungwe upande wa gridi wa chenjiova, jenereta ikiwaka sola isiwe kwenye hesabu.

Kwa hali yako mimi ningeunganisha sola peke yake kwa sasa na kuiacha jenereta kwenye chenjiova. Haya ya kuongea nami yanafika hapa, yaliyobaki yanahitaji mhandisi mwenye leseni afike: kuchora mchoro wa laini moja (ramani rahisi ya jinsi vifaa vyote vinavyoungana), kuhakikisha breka zako zinahimili nguvu ya shoti ya mahali pale, kupima rilei kwa kifaa cha kuziingizia mkondo bandia wa majaribio na kuandika muda zilizotumia, alafu jaribio la mwisho mbele ya watu wa kampuni ya umeme ambapo swichi kuu inafunguliwa sola ikiwa inazalisha na saa inahesabu. Uwe na cheti cha inverta chenye namba ya modeli ileile iliyobandikwa kwenye mashine, herufi kwa herufi, maana maombi yanaweza kurudishwa kwa hilo tu. Na mwambie fundi airudishe setingi ya nchi kama ameshaigusa, apige picha ya skrini ikiwa sahihi, picha hiyo uiambatanishe na fomu.